Naomba ushauri: chipukizi wa Orioles wavumiliwe au wabadilishwe?

Ndugu zangu mnaofuatilia besiboli ya Marekani, naomba mnisaidie namna ya kuwapima chipukizi, kwa kuwa mimi ni shabiki wa Baltimore Orioles na matumaini yangu yameanza kuchanganyika na hofu. Mwaka 2023 tulishinda michezo 101, Gunnar Henderson akatwaa tuzo ya chipukizi bora wa ligi yetu, nikaamini kwamba ukame umekwisha; kumbe Texas Rangers wangetutoa kwenye mtoano bila kutuachia hata mchezo mmoja.

Anayeniumiza kichwa zaidi ni Jackson Holliday, aliyechaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya (drafti) mwaka 2022. Alipopandishwa ligi kuu Aprili 2024, akiwa na miaka 20, alipata mapigo 2 tu katika zamu 34, akarudishwa Norfolk, timu yetu ya ligi ndogo, baada ya michezo 10. Kwa kijana wa namna hiyo, niangalie nini kwanza: umri, nguvu ya mapigo, au subira ya kuiacha mipira mibovu ipite?

Pia, mnaonaje kubadilishana chipukizi na warushaji wazoefu? Tulimpata Corbin Burnes kwa kuwatoa Joey Ortiz na DL Hall, akatuchezea msimu mmoja (mzuri, sikatai), kisha akaenda zake Arizona. Sasa mdakaji Samuel Basallo, kijana kutoka Jamhuri ya Dominika, amepewa mkataba wa miaka 8 siku chache tu baada ya kuanza kucheza ligi kuu Agosti 2025. Je, huo ni uwekezaji wa busara, au ni haraka?