Waviking: walibatizwa kwa upanga au kwa hesabu zao wenyewe?

MCHOKONOZI (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Kila mahali naambiwa Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa Skandinavia, "waliupokea" Ukristo, utadhani walikaa baraza wakaafikiana. Olaf Tryggvason, mfalme wa Norwe kuanzia 995 hadi 1000, alikuwa anaingia wilayani na jeshi: ubatizo au vita, chagua. Eyvind Kinnrifi, mpagani mmoja, alipogoma, aliwekewa chombo cha makaa tumboni mpaka likapasuka. Karibuni mnipinge.

KASKAZI
Mkuu, umefungua na shahidi mbovu. Hayo ya makaa yamo kwa Snorri Sturluson, mtu wa Iceland aliyeandika karne ya 13, zaidi ya miaka 200 baada ya tukio. Hata hivyo, kabla ya Olaf alikuwepo Hákon Mwema, aliyelelewa Uingereza kwa mfalme Athelstan akarudi Norwe akiwa Mkristo. Wapagani wa Trøndelag, jimbo la Norwe, ndio waliombana yeye, mpaka akaonja maini ya farasi kwenye karamu ya tambiko. Hapo nani alimlazimisha nani?

MCHOKONOZI
Hahaha, na hayo maini umeyatoa wapi kama si kwa Snorri huyohuyo? Wangu hafai, wako anafaa! Halafu Snorri alikuwa Mkristo, sioni angepata faida gani kumpakazia ukatili mfalme wa dini yake. Kama hutaki vitabu, nenda Jelling, Denmark. Jiwe la Harald Bluetooth, la miaka ya 960, lipo mpaka leo, na mfalme anajisifu humo kwamba yeye ndiye aliyewafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Hawakujifanya wenyewe.

KASKAZI
Mfalme kujisifu juu ya jiwe lake, nayo ni habari? Lakini kwa Snorri umenipata, nanyamaza. Nabaki na shairi tu: Hákon alipokufa, malenga wake mwenyewe alimtungia kwamba amepokelewa Valhalla, ukumbi wa mashujaa waliokufa, kwa Odin, mungu mkuu wa wapagani. Mfalme Mkristo!

MAMA NURU
Wanangu, mnagombania wafalme tu, na mfanyabiashara je? Huko Trendgården, Denmark, ilipatikana kalibu ya jiwe ambayo fundi alimiminia misalaba na nyundo za Thor, mungu wa radi wa wapagani, kwa pamoja. Mteja anaingia, anachagua. Wachuuzi nao walikuwa wanakubali kupigwa ishara ya msalaba bila kubatizwa, ili wauziane na Wakristo bila vikwazo. Na Helgi Mwembamba, aliyehamia Iceland, alimwamini Kristo, ila akiingia baharini au jambo likiwa zito alimwita Thor. Hakuna upanga hapo. Watu walikuwa wanapima.

WAKILI WA KIJIWENI
Shikamoo Mama Nuru. Mimi naleta Iceland, maana ndiko kila upande unakodai ushindi. Mwaka 999 au 1000, kwenye bunge lao la Alþingi, Wakristo na wapagani walikuwa wamefika mahali pa kuvunja umoja wa sheria. Msema-sheria Þorgeir, yeye mwenyewe mpagani, akajifunika joho akalala usiku na mchana bila kusema neno. Alipoinuka akaamua: wote wabatizwe, ila kula nyama ya farasi na kutupa vitoto vichanga kubaki kama zamani, na kutambika kwa siri ruksa mradi usikutwe na mashahidi. Mnaona? Hiyo ni suluhu ya kisheria, si mahubiri.

Lakini wakati huohuo Olaf, kwa hasira, alikuwa ametishia kuwaua au kuwakata viungo watu wa Iceland waliokuwa Norwe. Gizur Mweupe na Hjalti, Wakristo wa Iceland, ndio waliomtuliza kwa kuahidi kuisimamia dini nyumbani. Na Ari, aliyetuandikia haya, alilelewa na mjukuu wa Gizur. Mzungumzaji wa upande mmoja, hilo mlizingatie.

MCHOKONOZI
Wakili, umenisaidia mimi! Suluhu gani inafikiwa wakati ndugu zenu wako mkononi mwa mfalme wa watu?

MAMA NURU
Na Uswidi je, mwanangu? Mawe ya kumbukumbu ya jimbo la Uppland ya karne ya 11, yenye misalaba, yamesimamishwa na familia, wajane wakiwemo, kwa pesa zao. Mengine yanasema wamejenga daraja kwa ajili ya roho ya marehemu. Mfalme gani aliwatuma?

MCHOKONOZI
Uswidi chukueni, Mama. Norwe siiachii.