Nicodemus, Kansas: kamji kalikoanzishwa na waliotoka utumwani

Swali: Wakuu habari zenu, hivi Nicodemus kule Kansas, Marekani, ni mji wa namna gani hasa, nasikia ulianzishwa na watu weusi, sasa walifikaje kwenye tambarare zile na kwa nini leo wamebaki wachache hivyo?

Jibu: Mkuu ulianzishwa 1877, wengi walitoka Kentucky, watu walioachiwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe wakawa wanatafuta ardhi yao. Wanafika wanakuta miti ya kujengea hakuna, nyasi tu mpaka macho yanakochoka, ikabidi wachimbe nyumba ardhini kama mahandaki, yaani unaona moshi unatoka chini! Wengine waliona vile wakageuza. Na baridi ya kwanza iliwabana vibaya sana, Waosage, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, waliokuwa wanarudi kuwinda ndio waliwagawia chakula. Hapo huwa naguswa kila nikisoma.

Jibu: Naongezea, kilichoumaliza ni reli. Walingoja treni ipite kwao, lakini 1888 ikapita ng'ambo ya kusini ya mto Solomon, basi wenye maduka wakahamia Bogue, mji wa jirani, wengine mpaka na majengo yao.

Mwenye swali: Dah, inauma. Kwa hiyo sasa hivi hamna kitu?

Jibu: Pako bwana. Tangu 1996 serikali ya Marekani inapatunza kama eneo la kihistoria, na kila mwisho wa Julai vizazi vya waanzilishi wanarudi kusherehekea ukombozi.