"Expire" ya boksi la dawa na "expiratory" ya kipimo cha mapafu: neno moja?

mtafsiri_mpya:
Wakuu, "expire" kwenye boksi la dawa ni kuisha muda. Fomu ya kipimo cha mapafu nayo ina "expiratory", mambo ya kutoa pumzi. Ni neno moja au yamefanana tu? Na hilo la kwenye fomu niliandikeje kwa Kiswahili?

mzizi_wa_neno:
Neno moja. Kilatini ni "exspirare": "ex" ni nje, "spirare" ni kupumua. X yenyewe ina sauti ya "ks", kwa hiyo s iliyofuata ikamezwa. "Inspire" na "conspire" zimebaki na s yao. Hukohuko kwenye Kilatini lilikuwa na maana mbili: kutoa pumzi, na kutoa ile ya mwisho, yaani kufa. Likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza karibu na 1400 kwa maana ya kufa. Baadaye mikataba, vibali na dawa navyo "vikafa". Kwetu mtu hukata roho, na roho tumeitoa kwenye Kiarabu, ambako ina mzizi mmoja na "rih", upepo.

fundi_wa_pumzi:
Kwenye fomu usiishie "toa pumzi". FEV1, ambayo E yake ndiyo hiyo "expiratory", ni hewa inayotoka sekunde ya kwanza mtu akipuliza kwa nguvu zake zote; FVC ni hewa yote ya mpulizo huohuo. Ukiandika "toa pumzi", mgonjwa atashusha pumzi taratibu na FEV1 itatoka ndogo kuliko uwezo wake. Andika: "Vuta hewa mpaka kifua kijae, bana midomo kwenye kibomba hewa isivuje, puliza ghafla kwa nguvu, endelea mpaka hewa iishe."

Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Akikatisha mapema, FVC inapungua, uwiano wa FEV1 kwa FVC unapanda, na njia za hewa zilizobana zinaonekana nzima. Hurudiwa mpaka ipatikane mipulizo 3 inayokubalika.

mtafsiri_mpya:
Nimeelewa, asante. Na aspirini je, ni ukoo huohuo?

mzizi_wa_neno:
Hapana, hiyo huwapoteza wengi. Kampuni ya Bayer iliipa jina 1899: "a" ya asetili, "spir" ya mmea uitwao Spiraea. Jina la mmea linatokana na Kigiriki "speira", kitu kilichojisokota, ndiko ilikotoka pia "spiral". Pumzi haimo kabisa.

fundi_wa_pumzi:
Na boksi la dawa likiwa na mwezi na mwaka tu wa kuisha muda, hesabu mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo.