Tupeane uzoefu: runinga sebuleni, simu mkononi, siasa ulizifuataje?

Mjukuu wa Bombo: Salaam wote. Kwetu mwenye rimoti ni mjomba, sisi vijana tuna simu. Januari 15, 2016, mdahalo wa kwanza wa wagombea urais pale Serena, Kampala, mjomba alikaa mbele ya runinga akimsubiri Museveni. Hakutokea. Utani ukajaa kwenye simu papo hapo. Nikawa namsomea, naye anacheka, kisha: "Hebu wajibu hivi!" Mzee asiyejua hata kufungua intaneti akabishana na nchi nzima kupitia kidole changu. Mdahalo wa pili, Februari 13, Museveni alikuja, na mjomba alishaniagiza ninunue bando mapema. Nyie je?

Wakala Busia: Mwaka huohuo, Februari 18, siku ya kupiga kura, mitandao ya kijamii ilifungwa, na pesa ya simu nayo ikazimwa. Wateja wamenizunguka wanadhani nimewaficha pesa zao! Kijana wa boda ndiye aliyeniwekea VPN, programu ya kupenya mitandao iliyofungwa. Ikaja kunifaa tena 2018, ilipoanza kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku.

Dada wa Jinja: Mimi nakumbuka Septemba 2017, wabunge walipopigana kuhusu ukomo wa umri wa rais, miaka 75. Vituo vikaagizwa visirushe moja kwa moja. Runinga ya saluni inaonyesha mambo mengine, mteja kichwa kimejaa povu ananionyesha viti vinarushwa bungeni, kwenye simu. Siku ile nywele hazikuisha.

Koboko Kwetu: 2021 ilikuwa nyingine. Kwa ajili ya korona, Tume ya Uchaguzi ilitaka kampeni zifanyike zaidi redioni na kwenye runinga. Sisi tusio na umeme tuliletewa vipande vya runinga kwa WhatsApp, mtu anatafsiri Kiluganda kwa sauti yake (na kuongeza chumvi yake, bila shaka). Halafu Januari 13 usiku, kesho yake kura, intaneti ikakatwa yote. Nilikuwa wakala wa mgombea wa ubunge. Fomu ya DR, ile ya matokeo ya kituo, nimeipiga picha, sina pa kuituma. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 16. Tumebanana kwenye kibanda chenye sola, kila wilaya ikisomwa watu wanainamia simu kwa mazoea, wanakuta kimya. Intaneti ilirudi tarehe 18. Mnabishana nini tena, mshindi ana siku mbili?

Mtu wa Tororo: Mimi nilizipenda siku zile tano. Uvumi ulikoma.

Wakala Busia: Ulikoma wapi, kaka? Ulihamia stendi ya boda. Tena huko huwezi hata kuomba link.

Mjukuu wa Bombo: 😂 Mjomba kasoma yote haya. Ana simu yake sasa. Taarifa ya saa tatu anaiweka bila sauti, anasoma maoni kwanza.