Albamu ya stika, kadi za kuchezea au kadi moja moja: mtoto wa miaka 10 aanzie wapi?

Kipa Mstaafu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Mpwa wangu ana miaka 10 na mpira umemkaa kichwani hadi anataja vikosi usingizini. Juzi mwenzake alikuja darasani na rundo la kadi za wachezaji zimefungwa kwa mpira wa nywele, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Nimemuahidi nitamwanzishia mkusanyo wake. Nilipoanza kuulizia nikajikuta njia panda, maana naona njia tatu:

Ya kwanza ni albamu ya stika, ile ya kubandika kila mchezaji kwenye kisanduku chake. Ya pili ni kadi za kuchezea, zenye namba za mashambulizi na ulinzi. Ya tatu ni kununua kadi moja moja za mchezaji anayempenda na kuzitunza kwenye plastiki.

Mimi enzi zangu nilikata picha magazetini nikazibandika kwenye daftari la hesabu, mwalimu akanichapa, mkusanyo ukaishia hapo. Kwa hiyo sina uzoefu. Nishaurini.

MzeeWaDabo

Albamu, mkuu, usizunguke sana. Wachapishaji Panini wa kule Modena, Italia, walianza kutoa albamu za Kombe la Dunia mwaka 1970, lile la Mexico, na zimedumu mpaka leo kwa sababu moja: albamu ina mwisho. Mtoto anaona mashimo yaliyobaki na anajua kabisa anachotafuta.

Ila nikupe hesabu mapema usije ukanilaumu. Albamu ya Kombe la Dunia la 2022 ilikuwa na stika 670. Tuseme kila stika ina nafasi sawa ya kutoka na mtoto habadilishani na mtu yeyote. Nusu ya kwanza ya albamu ataijaza kwa stika kama 465 hivi, raha mustarehe. Kuimaliza yote? Wastani ni stika kama 4,750, yaani pakiti 950 za stika tano tano. Ile moja ya mwisho peke yake, akishabaki na shimo moja tu, itamla wastani wa stika 670, pakiti 134 za kumtafuta mtu mmoja!

Sasa usikimbie. Hesabu hiyo ni ya mtu mpweke. Wakiwa watoto watano wanaobadilishana dabo zao, yaani stika zilizojirudia, mzigo kwa kila mmoja unashuka vibaya mno, kwa sababu takataka ya huyu ndiyo lulu ya yule. Na raha yenyewe iko hapo. Mimi nakumbuka zaidi niliobadilishana nao kuliko niliowabandika.

WingaTeleza

Mzee kasema vizuri, ila stika ukishaibandika imekwisha. Haitoki, huwezi kuitembeza wala kuibadilisha ukichoka nayo. Mimi nina miaka 17, nilianza na Match Attax, aina mojawapo ya hizo kadi za kuchezea, nikiwa mdogo na sijutii hata kidogo. Kadi inachezwa. Unatoa beki wako, mwenzako anatoa mshambuliaji wake, mnalinganisha namba, mnazozana kwamba aliyepanga namba hizo hajui mpira, mnacheza tena.

Halafu ile kufungua pakiti. Hufungui na kumwaga zote mezani kama karanga, hapana. Unazishika zikiwa zimelaliana, unasukuma ya juu kwa kidole gumba polepole, unaona rangi ya jezi kwanza, kisha bega, uso mwisho kabisa. Ukiona upande mmoja unang'aa moyo unaruka, maana za kung'aa ni adimu. Nusu ya muda anatoka kipa wa akiba, lakini hizo sekunde tatu hakuna anayekunyang'anya.

Na kimya kimya zinafundisha. Nilijua nafasi za uwanjani na bendera za nchi kutoka kwenye kadi kabla sijazikuta shuleni.

mama_wawili

Naomba niingilie kama mzazi. Kadi za kuchezea ni nzuri, lakini uliza kwanza wanachezaje huko shuleni. Kwa mwanangu ilikuwa aliyeshinda anachukua kadi ya aliyeshindwa. Siku ya kwanza alirudi mikono mitupu na macho mekundu.

Siku nyingine mkubwa mmoja akamlaghai: akampa kadi tatu za kawaida kwa moja yenye kung'aa, akamwambia "tatu ni nyingi kuliko moja". Na kweli tatu ni nyingi, utambishia nini mtoto wa miaka minane?

Tukaweka sheria mbili nyumbani. Kadi unazozipenda sana hazitoki nje ya nyumba. Na mabadilishano yoyote makubwa yanalala usiku mmoja: kesho asubuhi bado unataka, haya, badilisha. Machozi yalikwisha. Kipa Mstaafu, hata albamu itakuletea haya mambo, hivyo jiandae.

MfukoMnene

Mbona mnaongelea michezo ya kitoto? Kadi ni mali. Kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952, iliuzwa mnadani 2022 kwa dola milioni 12.6. Mnunulie kijana kadi moja moja za chipukizi wazuri, funga kabatini, asiguse mpaka awe mtu mzima. Atakushukuru.

Kona Nne

MfukoMnene, hiyo ya Mantle ni kweli, ila umeisimulia nusu. Topps walibaki na maboksi ya kadi za 1952 yasiyouzika, na mwaka 1960 wakayapakia kwenye jahazi wakayatupa baharini, Atlantiki. Zilizokuwa mikononi mwa watoto zilikunjwa, zikafungwa kwa mpira, zikatupwa na akina mama wakati wa usafi. Ndiyo maana iliyobaki safi ina bei ya wazimu: hakuna aliyejua kwamba inafaa kutunzwa.

Sasa angalia upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kila mtu Marekani alikuwa ameshasikia kwamba kadi ni mali. Viwanda vikachapisha bila breki, watu wakafungia maboksi kabatini kama unavyoshauri. Leo nyingi za kadi hizo hazirudishi hata gharama ya kuzituma kwa posta, kwa sababu kila mtu alitunza.

Mtoto aliyenunua pakiti ya kadi za Megacracks kule Hispania msimu wa 2004-05 na kumkuta kijana wa Barcelona aitwaye Messi hakuwa mwekezaji. Alikuwa mtoto anayefungua pakiti. Usimuahidi mpwa hela, mkuu, maana atageuka mlinzi wa kabati badala ya shabiki.

Ila kadi moja moja nazitetea kwa sababu nyingine: ndizo zinazomfundisha mtoto kutazama. Kampuni zinazopima hali ya kadi, kama PSA, huzipa alama kuanzia 1 hadi 10, na zinachoangalia hata mtoto anaweza kukiona: kona nne, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati ya mipaka yake. Mpe kadi na taa ya mezani. Aiinamishe mpaka mwanga uteleze juu ya uso wake, mikwaruzo ijitokeze yenyewe. Dakika kumi anakuwa mkaguzi.

Kipa Mstaafu

Kona Nne, hiyo ya taa nimeipenda. Na utunzaji je? Huyu kijana vitu vyake havimalizi wiki.

Kona Nne

Rahisi. Kadi nyingi zina kipimo kimoja, inchi 2.5 kwa 3.5, tangu Topps walipokitumia mwaka 1957, kwa hiyo vifuko havikupi shida kuvipata. Kadi za kawaida ziingie kwenye kurasa za plastiki zenye mifuko tisa, na anazozipenda zivalishwe kifuko laini kwanza kisha kile kigumu. Ila hicho laini na hizo kurasa zisiwe za plastiki ya PVC, hiyo kwa miaka inaharibu kadi. Mpira wa nywele marufuku! Unakula kingo.

WingaTeleza

Marufuku kwa zile nzuri tu. Za kuchezea ziache zichakae. Kadi yangu ninayoipenda kuliko zote imepasuka kona moja na ina alama ya kiatu. Simpi mtu.

MzeeWaDabo

Hapo umenena, kijana.

mama_wawili

Kipa Mstaafu, ukichagua albamu kuna kosa moja usilifanye: usimnunulie boksi zima la pakiti kwa mkupuo. Nililifanya kwa wa pili. Alifungua zote jioni moja, kufikia pakiti ya kumi na tano alikuwa anachana tu bila kuangalia. Mbili kwa wiki zinatosha.

Kipa Mstaafu

Nimewasoma wote. Nimeamua albamu, pakiti mbili kila Jumamosi, na kadi moja tu ya winga anayempenda, ndani ya kifuko kigumu, ambayo haitoki nyumbani. Za kuchezea atazipata kwa wenzake kama anavyopata mafua. MfukoMnene, samahani, kabati limejaa nguo.

Kipa Mstaafu (wiki sita baadaye)

Narudi na mrejesho. Albamu haijafika nusu lakini mchezo umenoga. Ana orodha ya namba anazokosa, ameiandika kwa penseli ili aweze kufuta, na inalala chini ya mto. Ile sheria ya kulaza mabadilishano usiku mmoja imemuokoa mara mbili, mama_wawili pokea shukrani.

Ametokewa na beki mmoja mara nne. Hakuna anayemtaka, shuleni wanamcheka ndevu zake. Mwanzoni alikuwa akimuona anarusha stika pembeni. Jana tulikuwa tunaangalia mechi, kamera ikapita kwenye benchi la akiba, akaruka kutoka kwenye kiti: "Mjomba, yule pale! Wangu yule!" Tukasubiri dakika zote tisini aingizwe. Hakuingizwa, na kijana amelala amenuna.