Tupeane uzoefu: Ceilidh (sherehe ya ngoma za kienyeji) yako ya kwanza Uskoti

MamaDundee: Wakuu, mwanangu karudi shule jana anacheza ngoma ya Gay Gordons sebuleni. Desemba inakaribia, kwenye kipindi cha michezo wanafundishwa ngoma za sherehe ya Krismasi. Nimekumbuka harusi ya mfanyakazi mwenzangu kule Fife. Nilijikalia na sahani yangu ya stovies, viazi vya kupikwa na nyama, nikijua nimekuja kutazama. Akaja mzee mmoja mwenye kilti, ile sketi ya Kiskoti, na soksi ndefu, akaninyooshea mkono. Kodiani ilipoanza sikukaa tena mpaka Auld Lang Syne, wimbo wa kufungia sherehe. Nanyi ilikuwaje?

Kipepeo_Leith: Hivyo hivyo. Ukichagua kiti cha mbele umekwisha.

MwanaMjiWaKale: Mimi nilishikwa na kodiani na fidla. Nimelelewa na taarabu, vyombo ni vile vile, ila huku vinakimbia. Msikilizeni Jimmy Shand, mpiga kodiani wa Kiskoti, kwenye Bluebell Polka: kila noti inadondoka mahali pake, mguu wenyewe unajua pa kukanyaga. Na nyumbani Mombasa wazee walitusimulia ngoma ya beni, vikundi vya Kingi na Skochi, mitaa ikishindana kwa ngoma na mavazi. Jina la Skochi lilitoka kwa hawa hawa Waskoti. Mimi ugeni sikuuona.

AbuSalma: Samahani, ni lazima kushikana mikono na kila mwanamke ukumbini? Hapo ndipo ninapokwama.

Kipepeo_Leith: Kaa unywe chai, nani kakulazimisha?

AbuSalma: Nimeuliza kwa heshima, nijibu kwa heshima.

MamaDundee: Msigombane kwenye uzi wangu. Ndugu AbuSalma, kwenye ngoma ya Dashing White Sergeant watu husimama watatu watatu. Sisi akina mama hujipanga wenyewe kwa wenyewe, hakuna anayeshangaa.

Ng'wana_Skye: Ngojeni yangu. Januari, dhoruba, ukumbi wa kijiji huku kisiwani. Tumo kwenye Strip the Willow, mistari miwili mirefu: unazungushwa na mwenzako, unamrukia wa mstarini, unarudi kwa mwenzako, hivyo hivyo mpaka mwisho. Umeme ukakatika. Giza totoro! Mkono mmoja nimeshauachia, wa pili sijaupata, mwili unazunguka kwa kasi. Nikajua huu ni ukuta. Mara mkono ukanidaka kiwiko, ukanigeuza, ukanikabidhi kwa mwingine. Na bendi haijasimama! Kodiani na fidla haziulizi umeme, mpiga ngoma akazidisha kishindo tusipoteane. Tulicheza gizani mpaka mtu akatoka kwenye mvua akageuza gari, taa zikapiga madirishani. Ukumbi mzima ulipiga kelele.

Kipepeo_Leith: Mkono wa nani??

MwanaMjiWaKale: Uzi umetekwa rasmi.

Ng'wana_Skye: Mama wa posta anasema wake. Mwalimu naye anasema wake. Hawajapatana mpaka leo.

Shangazi_Aberdeen: Vaeni soli ya ngozi. Raba inang'ang'ania sakafu, goti linabaki nyuma.

Kipepeo_Leith: Shangazi, soli ya ngozi kwenye sakafu iliyomwagika bia? Raba!

Shangazi_Aberdeen: Mwanangu, nenda darasa la Royal Scottish Country Dance Society, chama cha ngoma za Uskoti, wanafundisha tangu 1923. Huko watu wanacheza kwa adabu, bia haimwagiki.

Kipepeo_Leith: Adabu nyingi mpaka huwezi kupiga kelele. Mimi nabaki na ukumbi wa kijiji.

AbuSalma: Na watoto wanaruhusiwa? Salma kasikia habari ya gizani, hanipi usingizi.

MamaDundee: Mlete. Watoto ndio wanaotufundisha hatua.