Naomba ushauri: kufufua akiba ya dharura iliyolala mwaka mzima

Ndugu zangu, nyumba ni ya watu 5, mteremkoni Bududa, mashariki mwa Uganda, na mvua za Machi zinakaribia. Maji ni rahisi: lita 4 kwa mtu kwa siku, siku 3, yaani jerikani 3 za lita 20. Tochi imeliwa na kutu, betri ziliachwa ndani zikavuja. Mpya zitakaa nje ya tochi. Tatizo ni chakula. Unga wa mahindi yasiyokobolewa umeingia uchungu, maana mafuta ya kiini huharibika upesi, na maharage ya zamani hayaivi hata umalize makaa yote! Je, niweke posho, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, kilo ngapi? Ninunue kila wiki kidogo kidogo au kwa mkupuo? Na mnazungushaje akiba bila kuchoka tena?